Weupe wa Macho ya Bibi

Juzijuzi mteja mmoja alinirudishia kazi. Yeye anaishi Dar es Salaam, mama yake yuko kijijini huku Usukumani, na alitaka nimchore mama huyo kwenye kompyuta ili apate picha kubwa ya kutundika sebuleni. Nilikaa nayo siku nne. Akanijibu kwa ujumbe mfupi: "Dada, kazi ni nzuri, ila macho ya mama umeyafanya meupe mno, kama ya mtoto mchanga. Mama yangu hana macho hayo." Alikuwa na haki yake, wala hakuandika kwa ubaya. Nilikaa na ujumbe ule siku mbili nzima, mwishowe nikamwambia atafute mchoraji mwingine, nikazima simu na kulala mchana kweupe, jambo nisilolifanya hata nikiumwa.

Kila mwaka hakosi mmoja wa namna hiyo, nami nimechoka kutafuta uongo wa kumpa kila mmoja wao. Basi nieleze mara moja, kwa ninyi wa rika langu mliokulia huku, halafu nisiulizwe tena.

Mjomba Masanja, kaka yake mama, alikuwa na studio Kahama, karibu na stendi ya mabasi. Mnazijua studio za wakati ule: pazia lenye maporomoko ya maji upande mmoja na ndege upande wa pili, kitana kilichofungwa kwa uzi kisiibwe, na koti moja la suti lililokwisha kuvaliwa na nusu ya wanaume wa wilaya. Mama alikuwa akiuza mchele sokoni, kwa hiyo nikitoka shule nilikwenda kukaa kwa Mjomba mpaka jioni anipitie. Mle ndani kulinuka wino wa printa uliopata moto na vumbi la barabarani. Leah, dada wa kutoka Tanga aliyekuwa na miezi michache tu pale mjini, ndiye aliyepiga picha za pasipoti na kuchapisha. Alimwaga maji sakafuni mara tatu kwa siku kutuliza lile vumbi, wala halikutulia.

Kilichomtofautisha Mjomba na wenye studio wengine ni kibao. Alikinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga ofisi yake Mwanza: kibao cheusi, chembamba, kimeungwa na kompyuta kwa waya, pamoja na kalamu yake isiyo na wino. Unapitisha kalamu juu ya kibao, mstari unatokea kwenye skrini. Alijifunza mwenyewe, kwa kukosea. Wachimbaji wa Rwamgasa na machimbo mengine ya Geita walikuwa wakimletea kipicha cha baba aliyefariki, kimechanika, kimelowa jasho la mfukoni, naye anawachorea sura upya, kubwa, safi, yenye koti na tai. Wengine walitaka sura zao wenyewe wangali hai, maana anayeshuka kwenye duara, shimo la dhahabu, hana uhakika wa kupanda. Wakiiona picha imekamilika walinyamaza kwanza, halafu wakacheka kwa aibu.

Mwanzoni nilikuwa natazama tu. Baadaye akaanza kuniachia kalamu wakati anakunywa chai, na kwa kuwa chai yake ilikuwa ndefu, nikajifunza mengi. Usianze na jicho, aliniambia siku ya kwanza, kwa sababu watoto wote huanza na jicho. Finya macho yako mpaka sura ibaki mabonge mawili, la mwanga na la kivuli, uyapake hayo kwanza kwa brashi pana. Ngozi iwe na tabaka lake, nywele lake, nguo lake, ili ukikosea ufute tabaka moja na mengine yabaki salama. Alinionyesha kuwa ngozi nyeusi haina rangi nyeusi hata kidogo. Paji la uso limebeba anga, kwa hiyo lina ubuluu. Pua na mashavu yana wekundu, damu ikiwa karibu. Chini ya kidevu kuna rangi ya udongo, kwa sababu ardhi inarudisha jua. Kila baada ya muda geuza picha, kushoto kuwe kulia, na kosa ulilokwisha kulizoea litakurukia lenyewe. Na kulikuwa na kifaa chenye alama ya kibomba cha kudondoshea dawa. Unakigusisha popote kwenye picha halisi, kinanyonya rangi ya pale pale, nawe unaipaka. Nilikipenda hicho kuliko vyote, kwa sababu hakikukisia.

"Paka unachokiona," alikuwa akisema, "usipake unachokijua."

Mfano wake wa kila siku ulikuwa weupe wa jicho. Kila mtu anajua jicho ni jeupe, basi anamwaga nyeupe tupu, na mtu anatoka kama aliyekutana na simba. Ukitazama kweli utaona kijivu, utaona kivuli cha kope, utaona umanjano kwenye kona. Somo hilo nililishika kama katekisimu.

Sasa, mtu aliyenifundisha hivyo alikuwa na tabia moja iliyonikera. Ikija picha ya kikongwe wa kijijini, mwenye macho mekundu kama walivyokuwa vikongwe wengi wa kwetu, Mjomba hakugusa kile kibomba. Pembeni mwa skrini alikuwa amehifadhi kidoa cha rangi, kijivu chenye umaziwa, na alipaka hicho hicho kwa wote. Mbibi wa Bukombe, mbibi wa Ushirombo, mbibi wa Shinyanga, wote macho mamoja. Hakuambiwa na mtu afanye hivyo. Alifanya haraka, kabla ya kitu kingine chochote.

"Mjomba, huyu macho yake si hivi," nilimwambia siku moja.

"Najua."

"Sasa mbona unayapaka hivyo?"

"Ndivyo wanavyotaka wenyewe."

"Si ulisema tupake tunachokiona?"

Alinitazama, akamtazama Leah, akarudi kwenye skrini. "Kabula, nenda kaninunulie vocha," alisema.

Nikaenda kununua vocha, na njiani nikapata jibu langu la mtoto wa miaka kumi na mmoja. Mjomba anawapamba wateja. Anawafuta uzee machoni kama anavyowavalisha wachimbaji koti wasilonalo. Nilimdharau kidogo kwa hilo, na niliapa moyoni kwamba mimi nikichora mtu mzima nitamchora kwa haki.

Mtu niliyetaka kumchora alikuwa Bibi Kwandu, mama yao Mama na Mjomba. Alikuwa akiishi peke yake Samuye tangu Babu afariki, katika nyumba ya bati yenye shamba la pamba na mpunga mbele yake. Shamba lililofuata lilikuwa la Babu Luhende, mdogo wake yule Babu aliyefariki. Ukutani kwa Bibi kulikuwa na picha ya Babu, kazi ya Mjomba, na pembeni yake msumari mtupu. Kila likizo nilikuwa nikiuona ule msumari, na iliniuma kwamba mtoto wake ni fundi wa sura na yeye hajachorwa. Nilipomwuliza Mjomba alisema atamchora akipata nafasi. Nafasi haikupatikana, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Likizo iliyofuata Mjomba alikwenda Rwamgasa na kamera yake kwa wiki mbili. Nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nilikuwa na picha niliyompiga Bibi mwenyewe, anatoka jikoni, amejifunga kanga ya buluu na ncha yake ameishika karibu na shavu, kama aliyekuwa anajifuta jicho. Samuye kuni zilikwisha zamani, miti hakuna. Bibi alipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, katika kijumba cha jiko kisicho na dirisha, na moshi wake unakaa mle ndani kama mgeni asiyeaga. Macho yake yalikuwa mekundu asubuhi, mekundu jioni. Kwangu yalikuwa macho ya Bibi tu.

Nilimchora siku tisa. Mpaka leo nasema bila haya kwamba sijawahi kuchora hivyo tena. Nilianza na mabonge ya kivuli, nikapanda polepole, nikageuza picha labda mara mia. Kanga niliipata, buluu yake iliyofifia na mpaka mweupe, hata lile tundu la cheche ya moto. Macho niliyaacha mwisho. Niliyakuza mpaka jicho moja likajaza skrini, nikachukua kibomba, nikanyonya kila wekundu mahali pake, kona, ukingo, vile vimishipa vinavyokwenda kama barabara kwenye ramani. Kisha nikaweka kidoa cha mwanga katika kila mboni, na Bibi akanitazama. Nililia kwa furaha. Leah aliichapisha kwa ukubwa wa juu kabisa tuliokuwa nao, akaitia fremu, akasema kazi hii hata Mjomba ataionea wivu. Yeye alitoka Tanga, hakujua. Tukaifunga kwa maboksi na kamba ili iwe zawadi ya kushtukiza, na Mama, aliyekuwa na magunia yake ya kushughulikia, akanikabidhi kwa kondakta wa basi la Shinyanga bila kuuliza boksi lina nini.

Bibi aliifungua akiwa ameketi mkekani. Aliitazama muda mrefu sana. Alipitisha kidole juu ya kioo, kwenye jicho moja, halafu la pili.

"Hii kaiona Masanja?" aliuliza.

"Hajaiona, yuko machimboni. Nimechora mwenyewe, Bibi. Yote."

"Ni mimi kabisa," alisema.

Nikamwonyesha msumari. Angeweza kusema ukuta una mchwa, au tungoje Mjomba aje. Nilikuwa nimesimama mbele yake nikitabasamu na meno yote, naye akainuka, akaitundika. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Alijua anachokitundika.

Kwa siku chache watu walipita kama kawaida. "Mwangaluka, mayu," wanamsalimu, wanaingia, wanaiona, wanakaa kimya, wanaaga. Nilidhani wamezidiwa na uzuri, kama wale wachimbaji. Halafu mjukuu wa Babu Luhende akashikwa na degedege. Mtoto yule alipelekwa zahanati, akapewa dawa ya malaria, akapona, bado yu hai na ana watoto. Lakini kabla hajapona, Babu Luhende alikuja asubuhi na mwenyekiti wa kitongoji, na wanaume wengine kama kumi, na wake zao nyuma. Walisimama uani. Babu Luhende aliingia ndani bila hodi, akatoka na picha yangu ameishika kwa mikono miwili.

"Sisi tumesema maneno haya siku nyingi, tukaambiwa tuna husuda," alisema. "Lisemwalo lipo. Haya si maneno ya watu tena. Hii ni kompyuta. Kompyuta ina ugomvi gani na mtu? Imemtazama, imeonyesha kilichomo. Na imetoka kwa mtoto wake mwenyewe."

Watu walisogea kuitazama, na mimi nikasogea nao. Nawaombeni mniamini: nilidhani wanaijadili kazi. Niliona nyuso zimekunjamana, nikadhani hawajaipenda, na nikaanza kutafuta kosa, pua labda, au kivuli cha shingo. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani. Mwenyekiti, mtu mpole kwa kweli, alisema tusikimbilie, mama huyu tumeishi naye.

Hapo ndipo pikipiki ya Mjomba ikaingia uani. Alikuwa amerudi Kahama alfajiri, Leah akamwambia kwa fahari nilichofanya, naye hakuvua hata viatu vya machimboni. Alimwamkia Babu Luhende, "Shikamoo baba mdogo," akaichukua ile picha mikononi mwake kwa adabu, akaiangalia. Kisha akacheka. Sijui alikitoa wapi kicheko kile.

"Jamani, hii ni aibu ya studio yangu," alisema. "Wino wa buluu uliisha. Mashine ikikosa buluu inatoa wekundu kila mahali. Juzi nimemchapisha padre, katoka kama nyanya. Huyu binti wa dukani bado mgeni, hakujua, ikachapishwa hivyo hivyo. Baba mdogo, hata wewe ningekuchapisha siku ile ungetoka na macho ya chui."

Mwanamke mmoja nyuma akacheka. Mwingine akafuata. Mwenyekiti akashusha mabega, akasema, "Kumbe wino." Nilimwona Bibi anavuta pumzi. Babu Luhende peke yake hakucheka, lakini wanaume walikwisha kuanza kugeuka.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na moyo unawaka. Siku tisa. Mwalimu wangu mwenyewe, mbele ya kijiji kizima, anasema kazi yangu ni kosa la mashine.

"Siyo wino," nikasema.

"Kabula," alisema Mjomba.

"Siyo wino, Mjomba. Kanga si hiyo hapo? Ni ya buluu. Wino ungekuwa umeisha, kanga ingetoka wapi?" Nikaigusa kwa kidole ili wote waone. "Sikukosea. Nilipaka nilichokiona."

Hakuna aliyecheka tena. Walitazama kanga, wakatazama macho. Mjomba aliinamisha kichwa, na uso wake, ambao nilikuwa naujua kila kivuli chake, sikuutambua. Babu Luhende alisema taratibu, "Mtoto hasemi uongo."

Bibi aliinuka kwenye kigoda. "Kasema kweli," alisema. "Macho yangu ni mekundu. Napikia kinyesi cha ng'ombe kama wake zenu wanavyopikia. Wakifika umri wangu mtawaona." Halafu akaingia ndani, na tukamsikia anafungua sanduku.

Mwenyekiti alimvuta Mjomba pembeni. Akamwambia kwamba kwa leo anaweza kuwazuia hawa, kwa kesho hana uhakika, na ingekuwa vema mama apumzike mjini kidogo. Saa moja baadaye tulikuwa watatu juu ya pikipiki, mimi mbele, Mjomba katikati, Bibi nyuma na furushi lake. Kufika Tinde Mjomba alisimama, akaninunulia soda, na ndipo nilipojua nimefanya jambo baya sana, maana hakunigombeza.

Mama ndiye aliyenieleza siku ile ile, akiwa ameegemea mlango kwa uchovu. Kwa maneno machache. Kwamba huku kwetu kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na kwamba wengine hawakuishia kuitwa. Kwamba Mjomba alikuwa akiwapaka wote kile kijivu chake kwa sababu hiyo. Niliuliza kwa nini hawakuniambia. "Mambo hayo haambiwi mtoto," alisema. Sijawahi kuwa na hasira naye kama dakika ile, na bado ninayo kidogo, ingawa ninao wanangu sasa na mimi pia sijawaambia.

Bibi alikaa nasi Kahama. Alikuwa mtu wa jembe, na mjini hapakuwa na pa kulima, akawa anachambua mchele wa Mama mlangoni kwa studio na kuwauliza abiria wa mabasi kama huko kwao mvua imenyesha. Jiko letu lilikuwa la mkaa, tena uani, penye hewa. Mimi niliyezoea kutazama macho niliona kabla ya wengine. Mwezi wa pili vimishipa vilianza kufifia. Wa tano, kona zilikuwa safi. Kabla ya mwaka kwisha Bibi alikuwa na macho ya kijivu yenye umanjano kidogo, kama mzee yeyote. Hakupewa dawa yoyote.

Nilirukwa na furaha. Nikachukua kamera, nikamgeuza apate mwanga.

"Ya nini tena?" aliuliza.

"Nakuchora upya, Bibi. Mjomba ataipeleka Samuye. Wakiona macho yamepona, utarudi kwako."

Hakuacha kupepeta. "Luhende amelima," alisema. "Amepanda mpaka mlangoni kwangu. Masanja kaniambia jana."

"Lakini wakiona macho..."

"Mjukuu wangu, wale hawakuwa wakiangalia macho. Walikuwa wakiangalia shamba. Ungenichora na macho ya malaika, wangesema masikio."

Akapuliza makapi, akamimina mchele kwenye debe, akaniambia nimletee mwingine.

Maneno hayo yalinirudishia usingizi. Nimeyaegemea miaka yote hii, na huenda ni ya kweli, maana Babu Luhende alilima lile shamba mpaka alipokufa. Lakini Bibi alikuwa mtu mwenye huruma, na mbele yake alikuwa amesimama mtoto. Aliishi Kahama miaka tisa zaidi, tukiketi pamoja karibu kila siku, na ningeweza kumwuliza wakati wowote kama aliyasema kwa sababu ni kweli au kwa ajili yangu. Sikumwuliza. Niliogopa kwamba angenijibu.